Kazi Iliyokwisha Kabla ya Balaa

Bi Taratibu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mafundi wa kompyuta, waliochoshwa na tabia yake ya kufika mahali palipoharibika, akavuta kiti, akaomba maji ya kunywa, kisha akauliza maswali ya kitoto mpaka mtu mzima na vyeti vyake akatamani kulia. Kazi yake ilikuwa kupeleleza mitambo. Kokote ambako kompyuta imesema uongo na binadamu yuko mbioni kuadhibiwa kwa niaba yake, ndiko alikoitwa. Hakukimbia hata siku moja, maana alisema mwenye mbio haoni kilichoanguka njiani.

Asubuhi hiyo alikuwa wodi ya wanaume, ameketi kando ya kitanda cha fundi viatu. Huyu alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, ambaye nusu ya uso wake ilikuwa bado imevimba. Siku chache nyuma alichomwa sindano ya penisilini, dawa isiyopatana kabisa na mwili wake, akafura, pumzi ikamkata, na laiti wasingemwahi, habari ingekuwa nyingine. Aliyemchoma ni Sista wa wodi hiyo. Sista alidai kwamba kabla ya kuchoma alitazama skrini ya wodi na hakuona onyo lolote. Daktari naye alidai onyo aliliandika yeye mwenyewe, mapema kabla ya sindano. Kati ya wawili hao, uongozi wa hospitali ulikuwa umeshamchagua mwongo wake, na hakuwa Daktari.

Bi Taratibu alimwuliza mzee kama alimwona Sista akitazama skrini.

"Alitazama," fundi viatu akasema. "Akapangusa kioo kwa kiganja, akatazama tena. Nikamwambia, mwanangu, unasoma au unatafuta chunusi? Akacheka. Ndipo akanidunga."

"Alikuuliza kama ipo dawa isiyokupatana?"

"Aliniuliza. Ila nilikuwa na homa, mama. Nadhani nilimjibu habari za soli."

Aliyekuwa na jibu la maana ni binti wa mzee. Mchana wa siku ya sindano alikuja mbio na cheti cha zamani cha baba yake, akamkuta Daktari chini, kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa, akamwonyesha. Daktari akaandika papo hapo kwenye kompyuta yake. Sindano ikaja baadaye, ghorofa ya juu, mkononi mwa mtu ambaye skrini yake haikusema kitu. Bi Taratibu alimshukuru mzee, akamtakia afueni, akanyanyuka polepole. Mzee akamwomba asimfukuzishe kazi Sista, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na wodi nzima inamtegemea.

Kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa alasiri ya siku hiyo hiyo. Sista akikutwa na hatia, leseni ya uuguzi ananyang'anywa, na kazi yenyewe ndiyo basi. Alikuwa ameamriwa akae nyumbani hadi uamuzi utoke. Hakukaa. Kila asubuhi alikuja na gauni lake jeupe lililopigwa pasi, akaketi kwenye benchi la korido nje ya wodi, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakipita. Wengine walimsalimu, wengine ghafla walikuta sakafu ina mambo ya kutazama.

Na aliyempigia simu Bi Taratibu alikuwa mdogo wake Sista, tumbo moja, ambaye hospitali nzima ilimwita Injinia. Yeye ndiye mtunza hifadhidata, yaani hazina yote ya habari za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta. Alisema dada yake ndiye aliyemlea yeye baada ya baba yao kufariki, na dada yake hasemi uongo, hajui hata unavyoanza.

*

Daktari alimpokea Bi Taratibu akiwa amesimama, kama mtu anayetaka mgeni aelewe kwamba kiti si chake. Alifungua kompyuta, akamwonyesha jina la fundi viatu, onyo, na saa ya kuandikwa. Kweli, onyo lilitangulia sindano, tena kwa muda wa kutosha mtu kula chakula chake cha mchana bila haraka.

Bi Taratibu akauliza kama saa ile inaweza kubadilishwa na mtu. Daktari akasema haiwezi, inawekwa na mashine kuu yenyewe. Akauliza kama kompyuta ya Daktari na skrini ya wodi zinasoma mahali pamoja. Hapo Daktari akakunja uso, maana hilo hakuwahi kulifikiria. Akajibu kwamba anavyojua yeye, hospitali ni moja.

"Basi nimeridhika," Bi Taratibu akasema. "Uliandika, na uliandika mapema."

"Kwa hiyo Sista ni mwongo."

"Sijasema hivyo. Nimesema wewe si mwongo."

Akaaga, akamwacha Daktari akiigeuza sentensi ile kichwani.

*

Ofisi ya Injinia ilikuwa mwisho wa korido, chumba chenye baridi ya viyoyozi na ngurumo ya seva nyuma ya kioo. Kijana alikuwa hajanyoa ndevu. Alikuwa ameandaa kiti na glasi ya maji, maana sifa za mgeni wake alikuwa amezisikia. Ukutani, juu ya meza, palikuwa na taa ndogo ya kijani, nayo ilikuwa inawaka.

Alieleza vizuri, na Bi Taratibu alimwacha aeleze hata yale aliyoyajua. Hifadhidata zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mashine kuu, ambamo madaktari wanaandika. Ya pili ni nakala yake, ambayo skrini za wodini zinaisoma ili mashine kuu isilemewe na wauguzi wa ghorofa zote. Kila kinachoandikwa kwenye mashine kuu kinaacha alama kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Programu moja, ambayo yeye aliiita msomaji, inaifuata kumbukumbu ile mstari kwa mstari, na kila badiliko inalikimbiza kwenye nakala. Siku zote, Daktari akiandika chini, Sista anaona juu kabla hata ya kupepesa macho.

"Na siku ile?"

"Msomaji alikuwa hai, mama. Taa ile ukutani ni yake. Akikatika, inakuwa nyekundu na simu yangu inalia. Siku ile ilikuwa kijani kutwa."

Nje ya dirisha vibarua walikuwa wanachimba mtaro. Bi Taratibu aliutazama kwa muda, kisha akauliza habari za waya wa mtandao unaopita ardhini. Injinia akaruka kwenye kiti. Hilo naye alilishuku, tena ndilo alilolitegemea kuliko yote. Akamwita fundi wa waya, bwana mmoja mwenye nyundo kiunoni, ambaye alikiri kwamba vibarua walikuwa wameukwangua waya wa mtandao kwa sururu. Injinia alimtazama yule bwana kwa macho ya mtu anayezama aliyeona boriti ya kuokokea. Kumbe waya ulikwanguliwa siku ya pili yake, fundi viatu akiwa ameshavimba na kutibiwa. Siku ya sindano mtaro haukuwa hata na alama ya chokaa.

Boriti ikazama. Bi Taratibu akanywa maji.

"Mchana ule," akauliza, "mashine kuu ilikuwa na kazi gani nyingine?"

Injinia hakuficha. Alisema siku ile alihamisha mafaili ya wagonjwa wa zamani, waliokwisha kupona au kufariki, akayatoa kwenye hifadhidata kuu na kuyapeleka kwenye ghala la kumbukumbu za kale. Ni kazi yake ya kawaida. Aliifanya saa za mchana kwa sababu madaktari wengi wanakuwa mapumzikoni. Kisha akatangulia kujibu swali ambalo hakuulizwa, akageuza skrini ili mpelelezi ajionee mwenyewe.

"Ilianza, ikaenda, ikakwisha salama. Hakuna hitilafu hata moja. Na tazama saa. Ilikwisha kabla ya Daktari kuandika onyo lake. Ningeishuku kama ingekuwa bado inaendelea. Lakini ilikuwa imekwisha."

Bi Taratibu alitazama. Kijana alisema kweli tupu. Kazi ile na onyo la Daktari havikukutana hata mlangoni. Hata kabla yake, wakati kazi inaendelea, mabadiliko mengine yalifika wodini bila kukawia: mgonjwa kuhamishwa kitanda, mwingine kubadilishiwa chakula. Kwa hesabu ya kawaida ya kipolisi, mtu aliyeondoka nyumbani kabla ya wizi hawezi kuwa mwizi. Mimi ninayekusimulia ningempigia mstari nikampita, na yeye Bi Taratibu alifanya vivyo hivyo.

*

Aliyebaki ni Sista. Alimkuta palepale kwenye benchi, akaketi pembeni yake na glasi yake ya maji mkononi, maana alikuwa ametoka nayo ofisini bila kujijua. Hawakuzungumza kesi. Sista alizungumza habari za mama yao, aliyepooza upande mmoja miezi michache iliyopita. Yeye na mdogo wake wanampokezana. Akiwa zamu ya usiku hospitalini, mdogo wake anakaa na mama jioni, anamlisha, anamgeuza, anamsomea magazeti ya zamani. Alisema kijana ana mikono ya kuchapa kompyuta lakini anajua kumgeuza mgonjwa kuliko wauguzi wengine anaowajua.

Mbele yao kulikuwa na lifti, na kwenye chumba cha mwisho mhudumu wa nguo alikuwa anakusanya mashuka machafu. Alikuwa akiingia wodi moja baada ya nyingine, anatoka na kitoroli, anakiegesha chumbani, anaenda kuleta kingine. Watu walipita, lifti ilipanda na kushuka, hakuna aliyesumbuliwa.

Bi Taratibu akasema jamaa yule anafanya kazi kimya, hata hasikiki.

"Akiwa anakusanya humsikii," Sista akasema. "Ngoja amalize."

Kweli, alipomaliza, mlango wa chumba ulifunguka na vitoroli vikatoka vyote kwa pamoja, kimoja nyuma ya kingine, hadi vikajaza korido. Mhudumu akaanza kuviingiza kwenye lifti. Viwili vikapanda, lifti ikashuka navyo, ikarudi, viwili vingine. Nyuma yake alikuwa amefika nesi mmoja, mkononi ana kichupa kimoja cha damu ya kupelekwa maabara, kidogo kuliko kidole. Akamwomba apite. Mhudumu akakataa kwa adabu: kitoroli kiliwahi kumpotea njiani, tangu hapo havitenganishi, na foleni ni foleni. Nesi akaegemea ukuta akasubiri na kichupa chake.

Bi Taratibu aliiweka glasi sakafuni. Akamgeukia Sista, akamwomba arudie alichosema.

"Nimesema nini, mama? Nimesema umngoje amalize."

"Haya, inuka. Nahitaji macho yako."

*

Hospitali ilikuwa na mtambo wa mazoezi, yaani mashine kuu nyingine, msomaji mwingine na nakala nyingine, ambako Injinia alijaribia mambo bila kumgusa mgonjwa wa kweli. Bi Taratibu akaomba utumike. Injinia akaupakia mafaili ya zamani kwa wingi uleule wa siku ya sindano, huku akilalamika kwa upole kwamba wanapoteza muda na kamati inakaribia. Daktari naye akaitwa. Alikuja kwa shingo upande, lakini alikuja, na hilo tumpe haki yake.

Wakakaa hivi. Injinia kwenye mashine kuu. Daktari pembeni yake kwenye kompyuta ya kuandikia. Sista akapelekwa chumba cha pili, mbele ya skrini inayosoma nakala, mgongo kwa wenzake. Bi Taratibu akasimama mlangoni katikati, anakowaona wote. Wakatunga mgonjwa ambaye hayupo duniani, na Daktari akaambiwa amwandikie vitu visivyopatana naye, kimoja kimoja.

"Anza kuhamisha," Bi Taratibu akamwambia Injinia.

Injinia akabonyeza. Kazi ikaanza kwenda. Daktari akaandika.

"Maziwa," Sista akasoma kutoka chumba cha pili, hapohapo.

Daktari akaandika tena.

"Vumbi."

Akaandika tena, na safari hii Sista akakawia kidogo, si kwa sababu ya mashine.

"Wakwe," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza siku hizo kwa mtu kumsikia Sista akicheka. Injinia naye akashusha pumzi. Kazi ilikuwa katikati na kila kitu kinafika. Akamwambia mpelelezi kwamba ameona mwenyewe, kazi hii haimzuii mtu. Bi Taratibu akasema ameona, na akaomba wasubiri.

Wakasubiri. Kazi ikafika mwisho. Skrini ya Injinia ikaandika kwamba imekamilika bila hitilafu.

"Sasa, Daktari. Andika penisilini."

Daktari akaandika. Chumba cha pili kikawa kimya.

"Sista?"

"Hakuna kitu."

"Fungua upya."

"Nimefungua. Hakuna."

Injinia aliinua macho kutazama taa ya mtambo wa mazoezi. Ilikuwa kijani. Akatazama msomaji. Alikuwa hai, anafanya kazi kwa nguvu zake zote. Daktari alikuwa amekunja mikono, na sasa akaikunjua. Akamwuliza Sista tena, yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake. Sista akasema bado. Daktari akaitwa wodini, akaenda, akamhudumia aliyemhudumia, akarudi, akakuta bado.

Kisha Sista akasema, polepole, "Penisilini. Imefika."

Bi Taratibu akavuta kiti akakaa mbele ya Injinia, karibu, magoti yao yanakaribia kugusana. Hakutaka kumweleza. Alitaka kijana ajieleze mwenyewe, maana elimu anayo.

"Mafaili yote yale unayahamisha kama mafurushi mangapi?"

"Moja, mama. Muamala mmoja. Nafungua, nahamisha yote, nafunga."

"Msomaji akikutana na mabadiliko ya furushi ambalo hujalifunga, anayapeleka kwenye nakala?"

"Hapana. Anayashika kwanza. Naweza kulitengua furushi lote, na hapo itakuwa kama halikuwahi kuwepo. Akipeleka mapema atakuwa amepeleka uongo."

"Na wengine, wenye vifurushi vidogo, waliofunga vyao wakati wewe bado unahamisha?"

"Hao wanapita tu. Ndiyo maana maziwa yalifika. Ndiyo maana..." Mkono wake ulikuwa juu ya meza na aliutazama.

"Endelea, mwanangu."

"Nikilifunga ndipo anaanza kulipeleka. Mstari mmoja mmoja, malaki kwa malaki. Na ni mengi mno hayakai kichwani mwake, alishayamwaga kwenye diski, inabidi ayasome tena. Na hawezi kumruhusu mtu apite mbele, kwa sababu sheria yake ni kufuata zamu ya kufunga. Aliyefunga nyuma yangu anasubiri mpaka niishe."

"Daktari alifunga lini?"

"Nyuma yangu. Nyuma yangu kidogo tu."

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Kile alichokishika Injinia kama utetezi wa kazi yake ndicho kilichomkamata. Kazi ilikwisha kabla ya balaa kwa sababu balaa lilianza pale kazi ilipokwisha. Na taa ya kijani haikudanganya, ila ilijibu swali jingine: ilisema msomaji yu hai, haikuwahi kuulizwa yuko nyuma kiasi gani.

Bi Taratibu aliuliza swali moja zaidi, kwa nini furushi moja. Injinia akasema zamani alihamisha kidogo kidogo, umeme ukakatika katikati, mgonjwa mmoja akabaki nusu huku nusu kule, na kumuunganisha ikawa kazi ya majuma. Tangu siku ile akaapa, ama yote ama hakuna. Aliyeumwa na nyoka, ukimwonyesha kamba anaruka.

"Lakini umehamisha hivyo miaka mingi," Daktari akaingilia. "Mbona haikutokea?"

Injinia alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha pili.

"Zamani nilihamisha kila Jumamosi jioni, watu wameondoka, na furushi lilikuwa dogo. Tangu mama augue, jioni niko nyumbani. Nikaruka Jumamosi moja, nikaruka nyingine. Yakarundikana. Nikasema nitayamaliza yote mchana mmoja."

Kule chumba cha pili Sista hakugeuka. Ni yeye aliyemwomba mdogo wake awe nyumbani jioni. Alimbembeleza, kwa machozi, akiwa amechoka na zamu mbili, ya hospitali na ya mama. Aliendelea kuitazama skrini ambayo haikuwa na jipya la kusema. Kisha akanyanyuka, akainyoosha sketi ya gauni lake, akapita kati yao bila kumtazama mtu, akarudi kwenye benchi lake.

Injinia alitaka kumfuata. Bi Taratibu akamzuia kwa kumgusa mkono.

"Ripoti yangu nitaiandika kama nilivyoona," akamwambia. "Ila karatasi yangu ni ya kusomwa, na wewe una miguu. Ningekuwa wewe ningetangulia kufika, niyaseme mwenyewe."

*

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na Mganga Mkuu wa hospitali katikati yao. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, asiyependa makelele. Bi Taratibu alieleza kwa maneno machache. Daktari akathibitisha, akaongeza kwamba aliona kwa macho yake skrini ikikosa alichokiandika kwa mkono wake, na kwamba kama angekuwa yeye ndiye aliyeshika sindano, angechoma vilevile. Sista alimtazama Daktari kwa mshangao.

Mganga Mkuu akavua miwani. Alionekana kupata ahueni. Akasema kumbe basi ni tatizo la mfumo, na mfumo hauna wa kuitwa mbele ya kamati, kwa hiyo suala lifungwe na kila mtu arudi kazini.

Ilikuwa njia pana, imefagiliwa, na wengi nimewaona wakiipita. Injinia alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasimama.

"Mzee, mfumo ulifanya nilichouagiza," akasema. "Furushi lile ni langu. Nililifanya kubwa kwa sababu nilirundika kazi, na nililifunga mchana wakati wagonjwa wako vitandani. Taa ya ukutani niliiweka mimi, na sikuwahi kuiuliza swali sahihi. Siku zote hizi nimemtafuta aliyemponza dada yangu. Ni mimi."

Mganga Mkuu aliirudisha miwani usoni. Aliuliza kitakachofanyika. Injinia akaeleza bila kutafuta maneno. Kuhamisha kwa mafungu madogo, kila fungu linafungwa lenyewe, na alama ya lilipofikia, ili umeme ukikatika aendelee palepale asimkate mgonjwa vipande. Kuandika pigo moja dogo kwenye mashine kuu kila baada ya muda mfupi na kulipima linafika kwenye nakala baada ya muda gani, kama vile wanavyopima mapigo ya moyo. Likichelewa, taa igeuke nyekundu, na kila skrini ya wodi iandike juu kabisa kwamba habari hizi ni za zamani, piga simu. Mpaka hapo, hakuna faili litakalohama.

Kamati ikatoa uamuzi. Sista hana hatia, anarudi wodini leo hii. Injinia amepewa onyo la maandishi, na kazi zake zitasimamiwa mpaka yote aliyoyataja yawe yamefanyika na kujaribiwa. Bi Taratibu akakunja karatasi zake. Alikuwa hajafika hata ukurasa wa pili.

Sista alianza na kitanda cha fundi viatu. Ilikuwa saa ya dawa yake. Akatazama skrini, akapangusa kioo, akatazama tena, kisha akainama karibu na sikio la mzee akamwuliza kwa sauti kama ipo dawa isiyopatana naye.

"Ipo," mzee akasema. "Na sasa hospitali nzima inaijua. Umechelewa wapi, mwanangu?"

Alipotoka wodini alimkuta mdogo wake ameketi kwenye benchi la korido, palepale alipokuwa akiketi yeye, mikono mapajani vilevile. Bi Taratibu alikuwa anasubiri lifti, na vitoroli vya mashuka vilikuwa mbele yake, kwa hiyo aliyasikia yote bila kutaka.

"Dada," Injinia akasema.

Sista alisimama mbele yake.

"Nina hasira na wewe," akasema. "Nyingi. Mzee wa watu angekufa mikononi mwangu, na ningeishi nikijua ni mimi. Hasira hizi hazitaisha leo, wala usinibembeleze ziishe."

Injinia akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ila leo niko zamu ya usiku," Sista akasema, "na mama hajageuzwa tangu mchana. Nenda nyumbani. Usichelewe."

Kijana akanyanyuka. Lifti ilikuwa bado na foleni, kwa hiyo akashika ngazi.